Kuta Nyeupe za Mzee Mabati

Profesa, cheo alichopewa na kinyozi wake, aliiona nyumba ile akiwa ng'ambo ya barabara, akaacha kutafuna. Ilikuwa nyumba ya zege na vioo, bapa kama kiberiti kilicholazwa, iliyobuniwa na msanifu mashuhuri kwa kazi moja tu: kuonyesha michoro. Kila ukuta mweupe ulikuwa na taa yake ndogo. Taa zote zilikuwa zinawaka. Mchoro hapakuwa na hata mmoja.

Mwenye nyumba, Mzee Mabati, alitajirika kwa kuezeka paa za watu, na sasa alitaka kuheshimiwa. Alianza na nyumba kwa sababu mambo ya nyumba aliyajua. Michoro ilimtia hofu. Aliogopa kununua mibovu akachekwa.

Profesa akabisha hodi. Alizungumza saa nzima, kwa upole wa daktari anayetoa majibu. Alieleza kwamba wapo watu wanaonunua picha za maua, na wapo wanaoelewa. Akamtaja mchoraji mmoja anayejificha, asiyetia saini wala kupokea wageni. Mzee Mabati hakuelewa lolote, ila aliitikia kwa kichwa kama aliyeelewa zamani. Wakapatana: Profesa ataleta michoro ya mtu huyo, na bahasha ya fedha itatolewa siku ya uzinduzi, mbele ya wageni.

Michoro yenyewe Profesa aliipata kwa fundi rangi mmoja, mama mjane, aliyekuwa akianika uani vitambaa anavyotandika sakafuni ili rangi isidondokee vigae. Akaomba kuazima viwili vitatu, akafunike kuku wake kwa ajili ya baridi. Mama alimpa vyote saba. Aliwahurumia kuku.

Alasiri ya uzinduzi, vitambaa vilining'inia ndani ya fremu nyeusi, na wageni wakavitazama kwa minong'ono ya msibani. Kasoro ya nyumba ya vioo ni kwamba hata mpita njia huona ndani. Fundi rangi alikuwa anatoka kazini, ngazi begani. Akasimama, akaiegemeza ngazi mlangoni, akaingia.

"Samahanini," alisema. "Hivi ni vyangu."

Shati likamganda Profesa mgongoni.

"Una hakika, mama?" aliuliza Mzee Mabati.

"Hapa niliweka ndoo. Njano hii ni ya zahanati, siku ile mgongo ulinikatalia mpaka nikalia. Na hicho mmekitundika kichwa chini."

Mzee Mabati alizitazama kucha za mama, zenye rangi za miaka thelathini, kisha akamgeukia Profesa. "Ndiye?"

Profesa alipima. Akikana, atalazimika kusema vimetoka wapi.

"Ndiye," alisema.

"Mimi ni fundi rangi tu, baba," alisema mama. "Hivi kazi yake kukinga matone. Nirudishieni, kesho nina dari ya shule, na sakafu ikichafuka nitaisugua mwenyewe."

Mgeni mmoja alijifuta macho. Hajawahi kusikia msanii akijieleza kwa ufupi namna ile. Naye Mzee Mabati, kwa mara ya kwanza ndani ya nyumba yake, alielewa kitu: anayelipwa ni yule aliyetoka jasho. Akamtuma dereva akanunue vitambaa vipya saba, kisha akamkabidhi mama ile bahasha kwa mikono miwili. Mama akajaribu kuirudisha mara mbili, na kila mara makofi yakazidi.

Profesa alipiga makofi kuliko wote, machozi yakimtiririka. Mke wa Mzee Mabati alimgusa bega, akamwambia hajapata kuona wakala anayempenda msanii wake kiasi hicho.