Mtazamaji wa Gazeti la Ukutani

Jumanne, 9 Agosti 1988
Alasiri nimeonyesha kanda mpya ukumbini kwangu. Onyesho la muziki wa Wazungu, kanda imepitia mpakani Taveta, sitaandika zaidi. Wanaume wamepaka rangi ya mdomo, wamevaa viatu vya visigino virefu na nguo za kumetameta. Watu arobaini! Wametoka wakitazamana. Kutazamana huko sikukupenda. Wilbard fundi redio hakuonekana, na mtu asiyeonekana ana lake jambo. Jumatatu Bwana Eliezeri, Afisa Utamaduni, ataamua kama napata kibali cha video au nafunga. Amesema atasikiliza wananchi.

Jumatano, 10 Agosti
Balaa. Kwenye gazeti la ukutani pale sokoni, kati ya bei ya maharage na tangazo la chanjo ya kuku, kuna uhakiki wa filamu yangu. Sahihi: "Mtazamaji". Anasema nusu saa nzima tunaonyeshwa wanaume wakijipodoa, mpaka mtu anamkumbuka mbuzi aliyemwacha kambani. Anasema mwimbaji ana sauti, ila viatu vile visingemfikisha hata kona ya kwanza ya mlima. Eliezeri amesoma mara mbili, akanakili kwenye daftari.

Ni Wilbard tu. Anaitamani deki yangu ya video tangu Pasaka. Naambiwa yuko msibani Msangeni tangu Jumamosi. Anaandikia hukohuko!

Nyumbani uji umepungua tena. Nimemuuliza mke wangu, Redempta. Akasema labda nakunywa bila kujijua.

Alhamisi, 11 Agosti
Nimejibu. Nimeandika kwa mkono wa kushoto, sahihi "Mpenzi wa Sanaa". Nimeusifu sana mwisho wa filamu, ile mvua kubwa inayowanyeshea wanamuziki. Nimesema inaliza. Kweli wakati huo nilikuwa nje na jenereta, lakini mvua niliisikia kwa masikio yangu.

Ijumaa, 12 Agosti
Mtazamaji amejibu. Anasema hakuna mvua, ni makofi. Aliyeyasikia bila kuyaona alikuwa nje, na nje alikuwapo mtu mmoja tu, mwenye jenereta. Soko zima limenicheka. Zaituni muuza vitunguu ameanza kuniita Bwana Mvua. Nimeona aibu mpaka nimesahau kununua chumvi.

Jumamosi, 13 Agosti
Nimejificha nyuma ya magunia ya tangawizi tangu alfajiri. Nimepiga chafya kumi na moja. Saa mbili akaja mtu na kikombe cha uji, akaupaka ubaoni, akabandika karatasi. Redempta! Nikatoka. Nikamuuliza kama anataka tufunge ukumbi tukalime.

"Niliipenda ile filamu, Nicolaus," akasema, huku analainisha karatasi. "Ningekuwa sikuipenda, ningeandika mistari miwili."

Jumatatu, 15 Agosti
Kibali kimetoka. Jana watu walikuja mpaka kutoka Kifaru ili wawaone wale wanaume na wabishane na Mtazamaji. Wengine walikosa viti. Eliezeri anasema huo ndio utamaduni. Kibali kimeandikwa jina la Redempta, maana soko zima sasa linajua Mtazamaji ni nani. Mimi nimo chini kabisa: mtunza jenereta.

Nimefikiri sana. Redempta hawezi kuandika vile bila kufundishwa. Na ni nani amerudi leo kutoka Msangeni, akanipa mkono, akaniuliza habari za mvua? Wilbard! Kesho nabandika yangu, sahihi "Mtazamaji Halisi". Uji nimeshauficha uvunguni.