Nyegere Atangulie

Jumatatu, 3 Machi

Yametimia. Kikosi chetu kinaunganishwa na kile cha ng'ambo ya uwanja. Kanali katangaza asubuhi mvua ikitunyeshea, na kwa kuwa tulisimama wima hakuna aliyejipangusa uso, haikujulikana nani analia. Mimi nilikuwa nalia.

Sisi tunavaa nyegere. Wao wanavaa mamba. Nembo mpya itabeba wote wawili, na kamati ya kuichora ina watu wawili: mimi, sajenti wa bohari yetu, na sajenti wa bohari yao, jamaa mwenye mashavu ya mtu anayepuliza moto. Namwita Mashavu. Yeye ananiita kaka. Simwamini hata kidogo.

Jioni mama kapiga simu. Kauliza jambo moja tu: nyegere atabaki? Mdogo wangu alifia kazini, na jiwe la kaburi lake lilichongwa nyegere. Mchongaji hakuwa stadi. Asiyeijua beji yetu atadhani ni panya. Mama anasema wapita njia husimama wakasema, kumbe huyu alikuwa wa nyegere, naye moyo wake hutulia kidogo. Beji ikifutwa, nani atajua tena? Nimemwahidi nyegere atabaki. Nikaongeza, wala hakuniomba, kwamba ndiye atakayetangulia. Ulimi huu!

Jumanne, 4 Machi

Kikao cha kwanza, bohari kwao. Chumba kinanuka rangi ya viatu. Mashavu alishachora: wanyama wawili bega kwa bega ndani ya ngao, wanakutazama usoni. Akaeleza kwamba hivyo hakuna wa mbele wala wa nyuma. Maneno matamu. Nikatoa rula. Mamba kamzidi nyegere kwa urefu wa mdomo!

Nikamwambia maana ya nyegere ni kutoachia: akishauma, kauma. Mamba maana yake ni kulala matopeni. Akasema mamba ni subira. Nikasema hata gogo lina subira. Akacheka. Mtu anayecheka akitukanwa ana lake jambo.

Nimeukataa mchoro. Nimetaka wanyama wafuatane kama askari kwenye safu. Kakubali papo hapo, tena kasema nichore mimi, yeye atasimamia kushonea na kugawa sare. Nimekosa usingizi nikitafuta mtego uko wapi.

Alhamisi, 6 Machi

Nimeupata ushindi. Kanuni ya beji ya mkononi ni moja: mnyama atazame mbele, kifuani kwa mvaaji. Akitazama nyuma anakimbia vita. Kwa hiyo, kama beji yetu ya siku zote, nimewachora wote wakielekea kulia, nyegere mbele, mamba nyuma yake, nikampunguza mamba theluthi nzima. Fundi cherehani, mama mmoja mwenye pini mdomoni muda wote, kakataa upunguzaji. Kasema mamba mdogo hivyo ni mjusi. Pia kakataa kumfunga mdomo, maana mamba aliyefunga mdomo ni ubao. Sawa, abaki mkubwa, aachame. Muhimu nyegere yuko mbele.

Kanali kaitazama karatasi na kutia saini. Nimempigia mama. Kasema atakuja kwenye gwaride, nimtafutie kiti.

Jumatatu, 10 Machi

Mashavu kaja dirishani kwangu. Kasema kuna neno kuhusu mkono. Nikajua tu: anataka nembo ibadilishwe dakika ya mwisho. Nikajifanya nahesabu mablanketi. Kasema, kaka, ni jambo dogo, Kanali kaamua kuhusu mkono. Nikamwambia amri za Kanali nitazisikia kwa Kanali. Nikafunga dirisha. Nilimsikia akisimama pale nje kitambo kabla ya kuondoka.

Najisikia vizuri. Si vizuri sana. Bohari ni baridi, na sanduku la beji zetu za zamani liko wazi pembeni, nyegere wote wakinitazama.

Ijumaa, 14 Machi

Laiti ningeumwa leo.

Sare zimegawiwa alfajiri. Nikavaa yangu, nikaona beji iko mkono wa kushoto. Nikasema, fundi kakosea. Nikatazama wengine. Wote kushoto! Sisi tangu kale tunavaa kulia. Wa mamba wanavaa kushoto. Kanali alichagua kushoto, na hilo ndilo neno alilokuja nalo Mashavu.

Mkono wa kulia, wanyama wangu wangekwenda mbele. Mkono wa kushoto, kulia kwa mchoro ni mgongoni, wanakwenda nyuma. Kikosi kizima kilisonga mbele kwa ngoma na tarumbeta, na kwenye kila mkono wanyama wanatoroka, wa kwanza kutimua mbio akiwa nyegere, mamba nyuma yake kaachama.

Mama alikuwa safu ya mbele, kavaa nguo yake nzuri. Baadaye kaniuliza kwa sauti ndogo yule mdogo anakimbia nini. Nikasema hakimbii. Kasema, mwanangu, mbona yule mkubwa anakaribia kumla? Nikasema hiyo ni michoro tu, mama. Alikunja leso, akaikunjua, akaikunja tena, nami niliona aibu.

Kanali kasema hajapata kuona jeshi linashambulia huku mikono yake inatoroka. Wanyama wote watoke. Badala yao nyota mbili ndani ya ngao, moja kwa kila kikosi. Basi. Nyegere kaisha, na nimemmaliza mimi.

Jumamosi, 15 Machi

Mashavu kaja. Nilingoja anicheke, hakucheka. Kasema kwamba jana alizungumza na mama. Wazo lake: tuchukue beji moja ya chuma kwenye lile sanduku la zamani, tuikandike kwa saruji kwenye jiwe la mdogo wangu, chini ya yule panya. Mpita njia ataona beji, atatazama mchongo, ataelewa. Mama kakubali. Saruji analeta yeye.

Nimelia mbele yake, nalisema wazi. Kanishika bega, kaniita kaka.

Alipoondoka nikaanza kufikiri. Saruji ya bure? Kaburi la mdogo wangu linamhusu nini? Nitakwenda naye, na macho yangu hayatatoka kwenye mwiko wake. Asije akachomeka mamba.

Jumapili, 16 Machi

Beji imekaa vizuri. Mama kaifuta kwa leso mpaka ikang'aa. Mamba hakuchomekwa. Labda alijua namtazama.

Njiani kurudi wazo likanijia, nikasimama barabarani. Nyota mbili! Kanali hakusema ipi ya nani. Wala hakusema zilingane. Nimempitia fundi cherehani nyumbani kwake, nikamnong'oneza: ile ya kulia ndani ya ngao ni yetu, aipe pembe ndefu kidogo, hakuna atakayepima. Kaniangalia tu, pini mdomoni.

Nikampigia mama kumpa moyo. Nikamwambia bado hatujaisha, nyota ya mbele ndiyo nyegere, itatangulia tu.

Kaniuliza ya mbele kwa mkono upi.

Nimemwambia mtandao unasumbua.