Mkoromo wa Amplifaya ya Kwaya

Jumatatu, 9 Agosti 2004

Leo nimeanza rasmi kutafuta amplifaya. Naandika tarehe ili siku moja ijulikane.

Hali halisi. Gita la umeme ninalo. Alinipa mjomba Yoakimu, aliyepiga kwenye bendi ya dansi Arusha kabla ya kuchoka na kurudi kijijini Dirma kufuga. Amplifaya yake aliiuza akanunua ng'ombe. Simlaumu, ingawa ng'ombe hana tundu la kuchomeka waya.

Kaseti pia ninayo. Shangazi Natalia anafua mashuka kwenye nyumba ya wageni Haydom. Aliiokota chini ya kitanda baada ya mgeni wa Ulaya kuondoka. Haina jina. Magita yake yanasikika kama mashine ya kusaga iliyopewa mahindi mabichi. Hayaimbi, yanakoroma. Mara ya kwanza nilidhani redio imeharibika. Mara ya pili nikalia. Sijamwambia mtu. Kidato cha tatu kizima kinanijua kama Tekla anayesoma kamusi wakati wa mapumziko, na hiyo inatosha.

Gita langu bila amplifaya linasikika kama mbu.

Baada ya masomo nikapita kwa Nicodemo, fundi redio pale Mbulu karibu na stendi. Nikasimama nje nikisoma kalenda yake. Akaniuliza kama nimekuja kununua tarehe. Nikamweleza kwa sauti ndogo kwamba natafuta amplifaya inayokoroma. Akasema watu wote humletea zinazokoroma ili aziponye, mimi ni mtu wa kwanza kuja kununua ugonjwa. Ya mtumba kutoka Arusha, bei yake sawa na mtamba. Nikasema nina kuku watano. Akasema kwa kuku watano nitapata waya, na niwasalimie nyumbani.

Jumatano, 11 Agosti

Kitabu cha fizikia kinasema kila redio ina kikuza sauti ndani yake. Mwandishi hakufikiria madhara.

Baba alikuwa ameshuka bondeni kwenye ng'ombe. Nikafungua redio kaseti yake nyuma, nikaunganisha waya wa gita, nikageuza sauti hadi mwisho. Sekunde arobaini. Mbuzi waliacha kula. Nilikuwa mtu mwingine kabisa. Kisha kimya.

Redio imekufa. Baba husikiliza matangazo ya vifo kila jioni. Husema mtu asiyejua nani kafa hawezi kupanga wiki yake.

Nimeandika barua ya kukiri, kurasa mbili, yenye utangulizi na hitimisho. Nimeiweka chini ya redio.

Alhamisi, 12 Agosti

Haikuwa redio. Ni betri tu! Baba alizitoa asubuhi, akazianika juu ya bati kama afanyavyo siku zote, na jioni redio ikazungumza vizuri. Nilihisi mabega yangu yanashuka kutoka masikioni.

Kwa bahati mbaya barua nayo aliiona. Aliisoma yote, taratibu, akiwa amevaa miwani. Akasema mwandiko ni mzuri, ila neno "hitilafu" nimelirudia mara nne katika ukurasa mmoja. Kisha akaitundika redio kwenye boriti ambako siifikii.

Jumapili, 15 Agosti

Nimeipata. Nimeipata kanisani!

Kigango chetu kina amplifaya moja ya zamani inayotumia betri ya gari, na spika yake ina mdomo mpana kama ua la boga. Anayeitunza ni Hilary wa kidato cha nne, mpiga kinanda wa kwaya, mtu anayevaa miwani ya jua hata ndani ya sakristia. Leo wakati wa matangazo ikaharibika. Katekista alikuwa anasema watoto wa Komunyo ya Kwanza waje Jumamosi. Sauti ikatoka kama simba anayewaita watoto. Wawili wakakimbilia kwa mama zao. Hilary akaipiga kofi, ikazidi.

Watu wote walishika masikio. Mimi nilisimama nikiwa nimefumba macho. Ni sauti ileile ya kaseti. Mama jirani akadhani nasali, akanipigapiga mgongoni.

Baada ya misa Mzee Akonaay, mwenyekiti wa kigango, akatangaza kuwa mfanyabiashara mmoja mzaliwa wa Tlawi ametoa amplifaya mpya. Hii ya zamani itapigwa mnada Jumapili ijayo, Sikukuu ya Mavuno, pamoja na maboga, mbuzi na mayai ya waumini.

Mnada wetu ni mkali. Anayeuza ni Tluway, mwenye sauti isiyohitaji mashine yoyote. Mwaka jana yai moja liliuzwa mara saba, kwa sababu kila aliyelinunua alilirudisha kanisani liuzwe tena, mpaka likapasuka mkononi mwa Tluway. Nilicheka sana.

Shabaha yangu ni moja: pasiwe na mwingine wa kuitaka amplifaya hiyo.

Jumanne, 17 Agosti

Mtu mwingine angesambaza uvumi. Mimi siwezi, kwa sababu uvumi unahitaji kuzungumza na watu. Nikaandika tangazo, nikalibandika mlangoni mwa kanisa kabla ya kwenda shule:

"Amplifaya itakayouzwa ina hitilafu ya kudumu. Inamfaa tu mtu asiye na matumaini makubwa. Ni mimi, Msamaria Mwema."

Nilitembea hadi shuleni kama mtu mwenye siri ya taifa.

Jumatano, 18 Agosti

Mzee Akonaay amekuja nyumbani na tangazo mkononi. Nikamwamkia shikamoo. Akaitikia marahaba. Nikamwamkia tena.

Inaonekana kigango kizima kinaujua mwandiko wangu. Ni kweli nusu yao ndio nawaandikia barua za kwenda kwa watoto wao Arusha na Moshi. Hata Bibi Marieta, ambaye hajui kusoma, aliutambua mkia wa herufi g. Barua zake namwandikia mimi, kwenda kwa mwanawe Tadeo. Zote zinahusu nyani wanaomaliza mahindi yake kule juu karibu na msitu. Tadeo hajawahi kujibu kuhusu nyani.

Nilingoja adhabu. Mzee Akonaay akasema, mbele ya baba, kwamba amefurahi. Kama binti wa Lukasi anaujua ugonjwa wa mashine, basi asaidie ipone kabla ya mnada ili kigango kisipate hasara. Ameniteua. Hilary ataibeba kwa baiskeli hadi kwa Nicodemo, nami nitamweleza fundi tatizo.

Baba alifurahi hadi akaniteremshia redio.

Kwa hiyo nimeteuliwa kuiponya. Mkoromo wangu utakufa keshokutwa, na mimi ndiye nitakayemwonyesha fundi pa kuchoma kisu.

Ijumaa, 20 Agosti

Nilimpeleka kuku mmoja mjini ndani ya mfuko wa shule. Alitoboa daftari la jiografia.

Hilary alikuwa ameshaiacha mashine asubuhi. Nilimkuta Nicodemo ameifungua, matumbo yote nje. Nikamwekea kuku mezani kabla sijaamkia vizuri. Nikamwambia kwa haraka, nikiangalia kalenda, kwamba huyu ni wake iwapo hataitengeneza. Arudishe vifuniko tu. Aseme chochote.

Nicodemo akamchukua kuku, akampima uzito kwa mikono, akamfunga miguu, akamweka chini ya meza. Ndipo akanieleza. Utando wa ndani ya spika umechanika, na kifaa chake hakipatikani Mbulu wala Haydom, labda Nairobi. Alikwisha kumwambia Hilary tangu asubuhi kwamba haitengenezeki.

Nikauliza kama naweza kurudishiwa kuku. Akasema kuku amekwisha kuzoea mazingira.

Haidhuru! Mkoromo uko salama. Nimetembea njia nzima nikiimba bila sauti.

Ila padri aliongea juu ya sadaka Jumapili iliyopita, na nilipofika kwenye kilima nikaacha kuimba. Kigango kitapata fedha kidogo kwa sababu ya tangazo langu. Nimejiambia nitakiombea.

Wale kuku wengine niliwauza. Fedha zao ziko ndani ya kitabu cha fizikia, sura ya kikuza sauti.

Jumapili, 22 Agosti

Nataka kuandika kwa mpangilio.

Kwanza yakauzwa maboga. Kisha mbuzi wa Evarist, muumini mwenzetu, akarudishwa, akauzwa tena. Kisha Tluway akainua amplifaya pamoja na betri yake kuukuu. Kwa kuwa ni mtu mkweli, akaiwasha ili watu wasikie wanachonunua. Akasema "Tumsifu Yesu Kristo" kwenye kipaza sauti. Jogoo watatu wa mnada wakakata kamba.

Tluway akauliza nani anaanza. Hakuna mkono uliopanda. Nikainua mkono. Sijawahi kuinua mkono mbele ya watu wengi hivyo, hata darasani nikiwa na jibu. Nikataja fedha zote za kuku. Akahesabu moja, mbili, tatu. Yangu!

Nilikuwa na amplifaya kwa muda wa pumzi moja.

Tluway akauliza kwa sauti ile, "Binti Tekla amenunua. Je, anaibeba nyumbani, au anamrudishia Bwana?"

Nilikuwa nimesahau. Nimekulia katika mnada huu, nimecheka juu ya yai, na nilikuwa nimesahau. Watu mia tatu wakanigeukia. Akina mama wa mbele wakafungua midomo tayari kwa vigelegele. Nilitaka kusema naibeba. Neno lilifika mpaka kooni. Badala yake kichwa kikashuka na kupanda, na Tluway akasoma kwamba narudisha.

Vigelegele. Mzee Akonaay akafuta macho kwa kofia. Akasema msichana wa shule ametoa kuku wake wote kwa Bwana, na watu wazima wamekaa tu. Nilirudi kwenye benchi bila kuku na bila amplifaya, nikapewa mikono na watu wasiopungua ishirini.

Aibu ikawaingia wengine. Hilary akavua miwani, akainunua kwa zaidi yangu, akairudisha, akavaa miwani. Vigelegele tena, vingi kuliko vyangu. Kila aliyejiheshimu akainua mkono. Mashine mbovu ile iliuzwa mara tano, na kigango kikapata zaidi kuliko kwa mbuzi wote. Nilipoona hivyo, kitu kizito kilinitoka kifuani. Sikuwaibia. Kwa njia ambayo siielewi, tangazo langu limelipa.

Mara ya sita akasimama Bibi Marieta na fimbo yake. Akauliza kama ndivyo inavyolia kila siku. Tluway akakiri kwa masikitiko. Akauliza kama inaweza kulia zaidi ya hapo. Tluway akasema huenda. Basi, akasema, anainunua. Tluway akamuuliza kama anamrudishia Bwana.

Bibi Marieta akasema Bwana ameshapewa mpya na yule tajiri. Yeye nyani wake hawana hata moja.

Jumatatu, 23 Agosti

Baada ya masomo nikatumwa kumsaidia Bibi Marieta kupandisha mashine shambani. Mahindi yake huchelewa kukauka kwa baridi ya msitu, na nyani wanalijua hilo kuliko bwana shamba.

Tulipoifunga kwenye mti akanitazama. Akasema, mjukuu wangu, ulivyoinua mkono jana hukuwa unamtolea Bwana, ulikuwa na njaa ya kitu hiki. Nikamwambia yote. Kaseti, mbu, kuku, mkono, kichwa kilichoshuka chenyewe. Ni mara ya kwanza kusema maneno mengi hivyo mfululizo. Akasema koo lake limekwisha kwa kupiga kelele, na nilete hilo gita.

Nililileta nikikimbia. Nikachomeka. Nikapiga.

Siwezi kuandika ilivyokuwa. Mashine ya kusaga, mahindi mabichi, mvua ya mawe juu ya bati, vyote mikononi mwangu. Mahindi yalitetemeka. Dume kubwa la nyani likasimama juu ya kisiki, likanitazama kama mwalimu wa zamu, likageuka na ukoo wake wote wakapotelea msituni.

Bibi Marieta alikuwa amekaa chini, mikono masikioni, machozi yanamtoka. Akasema sauti ni mbaya mno, nije kila siku.

Tumekubaliana. Nyani wakiwapo, amplifaya inabaki shambani na mimi napiga. Nimelala chali kwenye majani nikiandika haya. Sijawahi kupumua vizuri hivi.

Jumamosi, 28 Agosti

Nimekwenda kuungama. Nilitaja redio, tangazo na kuku wa fundi. Padri alikohoa mara kadhaa, nadhani alikuwa anacheka. Nikaahidi kuachana kabisa na hila. Nilitoka nikiwa mwepesi kama ganda la hindi.

Kisha nikapanda shambani. Bibi Marieta alikuwa anaimba. Nyani hawajaonekana tangu Jumatano, hata mmoja. Amesema nimewafukuza mpaka wilaya nyingine. Kwa kuwa hawapo, mashine amemuuzia Hilary, naye atakuja kuichukua Jumatatu. Anataka kuagiza spika mpya Nairobi, aiponye, aikodishe kwenye harusi.

Aiponye!

Nimefikiri kwa utulivu, kama mtu aliyeungama. Nyani ni viumbe wa Mungu na huenda wana njaa. Kesho baada ya misa nitaweka magunzi machache pembeni mwa msitu, yenye mahindi kidogo. Machache tu, ya kuwakumbusha njia.

Na tangazo liko tayari: nyani wakubwa wameonekana juu, wenye mashamba wasiuze vifaa vyao. Safari hii nimeandika kwa mkono wa kushoto. Neno "hitilafu" sijalitumia hata mara moja.