Kilima cha Nta na Simba wa Mogire

Jumatatu, 3 Februari 2025

Mama Phanice, mwenyekiti wa kina mama wa kanisa letu hapa Magwagwa, ametangaza kwamba sebule ya nyumba mpya ya wageni ina msumari mmoja unaotazamana na mlango, nao unahitaji picha. Kamati itachagua Jumapili. Nimejitolea. Kwa bahati mbaya, jirani yangu Mogire naye amejitolea. Tulisoma pamoja shule ya misheni. Yeye alikuwa kiranja, mimi mpiga kengele. Namtakia heri katika mambo yote isipokuwa hili.

Nitachora kilima kilicho mbele ya nyumba yangu. Marehemu Nyanchoka alichuma chai pale hadi mwisho wa nguvu zake. Katika ndoa yetu yote, picha yangu moja tu ilitundikwa ukutani. Ilikuwa chooni. Aliitundika mwenyewe, ili kuziba ufa.

Nitatumia nta ya nyuki iliyoyeyushwa na kutiwa rangi. Mogire haiwezi kazi hiyo. Mimi pia sijawahi kuifanya, lakini nina kijitabu.

Jumanne, 4 Februari

Mjini Kisii. Bwana Hasmukh wa duka la vifaa vya ujenzi aliniuliza rangi ya unga ya kijani naitakia sakafu ipi. Nikamjibu kwa heshima kwamba si sakafu, ni kilima. Akatafakari, kisha akauliza, "Sasa Mwalimu, hicho kilima chako kina ukubwa gani, nikupe mfuko mzima?" Nilimwomba radhi, nikachukua pakiti ndogo.

Nta nimeletewa stendi na Ochoki, mfugaji nyuki wa Nyacheki. Ina asali kidogo bado. Alinisihi niichuje kwanza. Nikamshukuru, nami sitaichuja. Harufu yake ni nzuri mno.

Jumatano, 5 Februari

Kazi imeanza. Sufuria ndogo ya nta ndani ya sufuria kubwa ya maji, juu ya jiko. Masizi ya darini yamenipa vivuli. Unga wa jiwe la sabuni, lile laini la kuchongea vinyago, umenipa ukungu. Mistari ya michai nimeichonga kwa sindano ya kufumia ya marehemu. Kila ninapopaka, sharti nta ipashwe moto ishikane na ile iliyo chini. Napitisha pasi yake ya makaa juu kidogo tu, bila kugusa. Wakati mwingine nagusa. Nta inapolainika, kilima huonekana kama kinavuta pumzi. Nilisimama kukitazama hadi uji wangu ukaungua.

Kijitabu kinaagiza niongeze utomvu mgumu wa mti ili nta ikaze. Sina utomvu. Nina mafuta ya kupikia. Vyote viwili hutoka kwenye mimea. Nimetia vijiko vya kutosha.

Mogire alichungulia juu ya ua. "Omogaka, mzee wangu, leo unakaanga nini?" Nilimweleza kwa upole kwamba nakaanga kilima. Naye akanieleza kwamba anachora simba. Nikamkumbusha kwamba huku kwetu Nyamira hakuna simba. Akasema ndiyo sababu watu watamtazama. Vilima wanavyo nyumbani.

Jibu nimelipata sasa, lakini amekwisha kulala.

Ijumaa, 7 Februari

Siku ya maandalio ya Sabato. Nilipita kwa Mogire kumjulia hali, yaani kupeleleza. Simba amepakwa rangi iliyobaki kwenye geti lake. Anang'aa kama sahani. Katika sebule ile yenye kiza, atakimeza kilima changu.

Nimefikiri. Rangi ya geti ikipigwa na jua la mchana huumiza macho. Hakuna atakayeweza kumtazama simba yule! Basi nikaenda kwa Mama Phanice, nikampendekezea picha zote mbili ziegemezwe nje kwenye ukuta wa mabati, saa saba mchana, kwa ajili ya haki. Alinisifu, "Mwalimu, wewe hufikirii nafsi yako kabisa." Nilitubu njiani, lakini si kiasi cha kurudi.

Nimepiga pasi shati jeupe haraka haraka, jua likiwa karibu kutua.

Jumamosi, 8 Februari, Sabato

Sikuifuta pasi. Shati lina kilima mgongoni, pamoja na michai. Kupiga pasi lingine haiwezekani, Sabato imeshaingia. Kanisani niliegemea kiti kwa nidhamu kubwa. Tulipoinuka kuimba, Mogire, aliyekaa nyuma yangu, alininong'oneza akitaka kujua kama kilima nacho kimebatizwa. Nyuki mmoja aliniandama hadi ubeti wa mwisho.

Jumapili, 9 Februari

Naandika kwa aibu, na kwa mkono wa kushoto. Ule wa kulia umevimba.

Jua lilikuwa kali kama nilivyotaka. Kamati ilisimama mbele ya picha. Walikitazama kilima changu, na Nyamusi, mke wa mchungaji, akasema kwamba anapaona pale ambapo Nyanchoka alikuwa akipumzikia. Moyo wangu ulijaa. Kisha michai ikaanza kushuka. Ilishuka mstari kwa mstari, kwa utaratibu. Ukungu ukaifuata. Mto wa nta ulivuka fremu na kuingia kwenye kiatu cha Mama Phanice. Nyamusi akauliza kwa huruma kama picha inahusu maporomoko ya ardhi. Nikasema naam, ni onyo.

Hapo nyuki wakafika. Si mmoja. Kamati ilikimbilia ndani ya nyumba ya wageni, nami nikabaki nikiwapungia kofia nyuki na kuwaomba radhi kina mama kupitia dirisha. Simba hakutikisika. Mogire alimbeba ndani, akamtundika kwenye msumari, "kwa muda tu, wasije wakamgusa." Bado yuko pale.

Jumanne, 11 Februari

Mama Phanice alinitembelea na ndizi. Alisema kamati imesikitika, na kwamba kilima kile, kabla hakijaondoka, kilikuwa kizuri. Wameniwekea msumari wangu mwenyewe. Jikoni, juu ya meko.

Nilimshukuru hadi akaaga. Simba atatazamwa na wageni, ambao huja mara chache. Jikoni kina mama wote hupita. Isitoshe, nimechunguza chanzo cha maafa ya Jumapili: ni simba. Aling'aa mno, akarudisha jua lote kwenye picha yangu. Juu ya meko hakuna simba. Kuna joto la upole tu, lile lile linaloshikanisha nta, hivyo rangi zitakuwa zikiimarika kila chakula kinapopikwa.

Nimeanza kilima kingine, kikubwa zaidi. Nta haitoshi. Kwa bahati nzuri, mafuta ya kupikia yamebaki mengi.