Joto Iliyonifuata Kutoka Luberizi

Jumatatu, 6 Novemba 2000

Mvua tangu asubuhi. Bukavu nzima imevaa triko za sufu, mimi natoa jasho kama mutu anayebeba simenti. Najua sababu. Mwezi wa nane nilishuka Luberizi kununua muchele wa kuuza, na joto ya kule imenifuata mpaka huku milimani. Imeingia mwilini, inakataa kutoka.

Nilifungua dirisha. Elodie, binti yangu, akalifunga: mutoto atapata baridi. Nikalifungua. Akalifunga. Nikamuita mwizi wa hewa. Akalia, akamubeba Maombi, mujukuu wangu wa miezi mitano, akajifungia chumbani.

Jioni mukwe wangu Guy akarudi kutoka ofisini. Anafanya kazi ONG, shirika la misaada, viatu vyake vinang'aa hata kwenye matope. Akasema kwa Kifaransa, halafu kwa Kiswahili ili nisikose kusikia: siku ya posho, Jumamosi hii, anapeleka muke na mutoto kwa mama yake, kijijini Mudaka. Kule hakuna kelele.

Mudaka! Wenye bunduki wanashuka kule wanabeba mpaka sufuria ikiwa na maharagwe ndani! Lakini mama yake, Madeleine, anamutamani huyu mutoto tangu ubatizo. Hawatatoka hapa. Nimesema.

Jumanne, 7 Novemba

Nimepata njia. Nikiwa mugonjwa, Elodie hawezi kuniacha. Na mugonjwa niko kweli: joto, kichwa, usingizi hakuna. Ni palu tu, malaria. Nikanunua kwinini sokoni, nikameza kama muuzaji alivyosema, halafu nikaongeza kidogo, maana mimi ni mutu munene.

Muchana masikio yakaanza kulia kama jenereta. Virginie, anayeuza sambaza, samaki wadogo wa ziwani, pembeni yangu, aliniomba chumvi. Nikadhani ananitukana. Nikamujibu vizuri sana. Soko lote lilisikia. Mimi peke yangu sikusikia.

Elodie ameanza kukunja nguo za mutoto.

Alhamisi, 9 Novemba

Masikio yametulia. Joto iko palepale.

Lakini leo nikichagua maharagwe nikakumbuka: damu ya mwezi sijaiona tangu mwezi wa tisa. Joto, hasira, kusahau. Jana nililia juu ya kitunguu ambacho nilikuwa sijakikata bado. Mimba! Niko na miaka arobaini na mbili, inawezekana kabisa. Ni binti gani ataacha mama yake na mimba katikati ya vita?

Madeleine akafika kuangalia kama mizigo iko tayari. Nikatangaza mbele yake. Akaniangalia toka kichwa mpaka miguu, akasema: "Felisitasyo, maman, hongera. Basi utakuwa na wako. Huyu utuachie."

Mwanamuke huyu! Upande huo sikuufikiria.

Muzee wangu Philémon, baba ya Elodie, alisikia yote. Alivaa kofia, akaenda kukaa parokiani mpaka saa ya kula. Akala kidogo.

Ijumaa, 10 Novemba

Damu imekuja. Nilikuwa sokoni, nimekaa juu ya gunia la muchele. Virginie ndiye aliyeona. Akatoa kitenge chake cha juu, akanifunga kiunoni bila kelele. Halafu akanong'ona kwamba yale matusi ya juzi bado anayakumbuka, asifikiriwe mujinga. Nilimukumbatia mpaka akaomba kupumua.

Elodie alinikuta nafua, akanivuta mukono mpaka kituo cha afya. Muuguzi, Maman Marie-Louise, akapima tone la damu: palu hakuna. Akapima mukojo: mimba hakuna. Aliposikia habari ya kwinini akanigombeza kama mutoto. Amesema inaweza kusimamisha moyo. Kisha akauliza mama yangu aliacha kuona damu akiwa na miaka mingapi. Nikasema sijui, alitupiga sawasawa miaka yote. Elodie akacheka. Mara ya kwanza juma hili.

Hapo muuguzi akaeleza. Ni mwili unaanza kuelekea mwisho wa kuzaa. Wengi huanza baada ya miaka arobaini na tano, wengine mapema, kama mimi. Damu inaruka miezi, inarudi, inaruka tena. Mpaka upite mwaka mzima bila damu, ndipo unajua imekwisha. Kabla ya hapo mimba inaweza kuingia, Philémon ajue. Joto, usingizi kukatika, hasira, ni mambo ya njia hiyo hiyo. Nivae nguo nyepesi chini ya triko ili nivue haraka. Chai ya moto na kasiksi, pombe yetu ya ndizi, jioni nipunguze. Damu ikizidi sana, au ikija katikati ya mwezi, nirudi mbio, nisingoje. Na watu wa nyumbani niwaambie.

Nikasema hayo ni mambo ya wazee. Akasema: si uko koko, maman, bibi mwenye mujukuu?

Njiani Elodie akasema alidhani nimemuchoka. Mimi! Nimuchoke! Mwaka wa tisini na sita, mabomu yakianguka, nilimulalia chini ya kitanda, na alikuwa tayari mukubwa kuliko mimi. Tulisimama barabarani tukalia wote wawili. Mutu wa taksi akapiga honi. Nikamujibu vizuri sana.

Jumamosi, 11 Novemba

Guy alileta gari. Elodie akatoka mikono mitupu. Akamuambia kwamba mama si mubaya, mwili wake uko safarini, na yeye Mudaka hatakwenda mpaka bunduki zinyamaze. Usiku kitanda cha mutoto kitakaa mbali na dirisha, mimi nitakuwa na upepo wangu. Rahisi hivyo! Juma nzima hakuna aliyefikiria kusogeza kitanda.

Nimemuimbia Maombi mpaka akanitapikia. Furaha tupu.

Jumapili, 12 Novemba

Baada ya misa Guy akaniuliza kwa heshima hali hii inachukua muda gani. Muuguzi alisema labda miaka minne, wengine zaidi. Nikasema kumi. Nikaongeza kwamba amekataza kabisa mutoto kutolewa nyumbani muda wote huo.

Guy akahesabu kwa vidole. Kisha akasema miaka kumi ni mingi, mama yake hawezi kungoja hivyo. Basi atamuleta aishi hapa kwetu.

Madeleine anafika kesho na godoro lake.

Sawa. Nitamungojea mulangoni, nimuambie hii kitu inaambukiza. Yeye ana miaka sitini na tatu, yake ilikwisha zamani. Nitasema hii ni ya aina mpya.