Mbaazi za Kabiro

Jumatatu, 9 Juni 2008
Baridi. Mawingu tangu juzi, jua limehama Nairobi, na mtaa wetu wa Kabiro ndio kabisa. Mke wangu Kavindu amepiga simu kutoka Kitui, alikokimbilia Januari fujo za uchaguzi zilipochacha. Anakuja Jumamosi, siku mbili tu, kuonja maisha. Akizikuta mbaazi nilizojigamba nazo, anabaki. Asipozikuta, anarudi kwa mamake. Nimemhakikishia zimezaa. Zimezaa wapi! Gunia langu la plastiki, nililolijaza udongo liwe shamba, lina miche minne, urefu wa kidole. Nilipanda Aprili. Nyumbani Ukambani mama ndiye aliyekuwa akipanda. Mimi nilikuwa upande wa kula.

Jumanne, 10 Juni
Jirani yangu Sifuna, mtu wa Bungoma, ana gunia la mrenda, mboga ya kwao. Limefura majani kila upande! Hulinyunyizia maji akiimba, makusudi. Ameniuliza kama zangu ni mbaazi ama njiti za kiberiti. Nimemjibu mbaazi ya Ukambani haina haraka. Inataka joto tu. Na mimi ni fundi wa majiko. Akili ninazo!

Jumatano, 11 Juni
Nimewasha jiko, nikalisogeza karibu na gunia, nikaenda kunywa chai. Kurudi: gunia limeyeyuka ubavu mzima, udongo umefika mlangoni kwa Sifuna, miche kwisha. Sifuna akaniletea ufagio. Heri angenitukana.

Ijumaa, 13 Juni
Nimemeza aibu. Nimemwomba Sifuna aniazime gunia lake. Amekubali, mradi nimtekee maji wiki nzima. Tumelikokota hadi mlangoni kwangu. Nitasema mbaazi tulishavuna, sasa ni zamu ya mboga. Safi kabisa.

Jumamosi, 14 Juni
Kavindu amefika! Amelizunguka gunia mara mbili. Kisha akasema haya, nimpikie. Nikaukaanga mrenda kama sukuma wiki: mafuta, kitunguu, nyanya. Nikainua mwiko, mrenda ukainuka nao, uzi mrefu wa utelezi. Nikapanda stuli. Haukatiki! Kavindu akacheka hadi akaketi sakafuni. Kicheko hicho sikuwa nimekisikia tangu Krismasi. Nilifurahi nikasahau kushuka.

Harufu ya kitunguu ikamleta Sifuna. Akashika kichwa, akafoka. Mrenda haukaangwi, unachemshwa na munyu, yale maji ya majivu! Kwa uchungu akamwaga siri zote: gunia ni lake, jiko, udongo. Kavindu akasema alijua tangu kwenye simu. Mbaazi za mamake hukaa miezi sita kwenye jua kali kabla ya kuzaa. Alitaka tu kuona uongo wangu utafika wapi. Sasa amefungua begi, nguo zake zote zinaning'inia ukutani. Zote!

Jumapili, 15 Juni
Nimemtekea Sifuna maji nikipiga mluzi. Kavindu anabaki! Kanisani nimeapa: sidanganyi tena mambo ya shamba.

Mchana mama mkwe amepiga simu. Ameuliza kama tikitimaji hukubali huku kwetu. Nimemwambia ninayo mawili, yanaanza kuiva. Kwa mila yetu Ukambani mama mkwe hawezi kulala nyumbani kwa mkwe wake, nikajua haji, niko salama.

Kumbe ana dada mtaa wa Riruta, hapa karibu, na atalala huko. Anafika Jumamosi.