Kiroboto na Kifaru

Jumatatu, 3 Machi
Jirani yetu, daktari wa meno mstaafu, amekubali. Wiki nzima yeye ataendesha jipu langu, Kifaru, nami nitaendesha kigari chake cha michezo, Kiroboto. Viti viwili, paa hakuna, mwaka wa kuzaliwa ni kama wangu. Mke wangu amenikumbusha kwamba Kifaru ni wa marehemu baba yangu, haguswi. Nimemwambia ni kuazimana tu. Uongo. Wiki ikiisha ataniomba mwenyewe tubadilishane moja kwa moja. Huo ndio mpango.

Jumanne, 4 Machi
Raha isiyosemeka. Kwenye kona Kiroboto anatii kabla sijamaliza kuwaza. Kifaru huomba muda wa kufikiri, na kumgeuza ni kama kuhamisha kabati. Nimewapa alama: Kiroboto tano, Kifaru moja, nayo ya huruma. Mvua imeninyeshea hadi soksi. Sikuihesabu.

Jumatano, 5 Machi
Siku ya kumpeleka mama mkwe hospitali, magoti yake. Nikaona hapa ndipo pa kumaliza ubishi wa gari lipi bora, nikampakia kwenye Kiroboto. Kuingia hakukuwa na shida: alijiachia, akafika. Kutoka ndiyo kazi. Tulimvuta mimi na mlinzi, foleni nzima ikitoa maelekezo. Akasema amezaa watoto sita na hakuna aliyemtesa hivi. Zamu ikatupita.

 Njiani kurudi akasema kile kikanyagio cha mbao cha kupandia Kifaru, baba yangu alikipigilia kwa ajili yake, siku alipoona anaaibika kushikwa mkono. Miaka minane nakikanyaga. Nilidhani Kifaru alitoka nacho kiwandani. Nimeona haya sana.

Ijumaa, 7 Machi
Nimemrudisha Kiroboto mapema. Daktari hakufurahi. Amewabeba wajukuu wake wote watano kwa mpigo, jambo ambalo hajawahi kuliweza, na sasa anataka tubadilishane moja kwa moja. Mpango wangu mwenyewe, naletewa mkononi!

Nikapanda Kifaru kuagana naye. Kiti cha dereva kimebonyea upande mmoja, alikozoea kuegemea baba. Nami naegemea hukohuko. Nilimkumbuka. Nikakataa. Daktari akauliza kulikoni. Nikasema ni habari ya ubao, hakuelewa.

Jumapili, 9 Machi
Amani nyumbani. Mke amenipikia bila kununa, mama mkwe ameniita mwanangu. Nimetafakari na nimekiri: gari ni watu wanaolipanda. Baba alilijua hilo, ndiyo maana alichukua nyundo.

Basi nami nimefuata nyayo zake. Ubaya wa Kiroboto ni kiti cha abiria tu, kiko chini mno. Nikifunga jeki chini yake, mama mkwe atainuka mwenyewe taratibu, bila kushikwa na mtu. Daktari ameniazima tena kwa Jumatano, siku mpya ya hospitali. Kifaru siku hiyo ataugua kidogo, waya wake mmoja ninao mfukoni. Mama mkwe bado sijamwambia. Jeki nimeipata, ni ya Kifaru.